Jicho la kulia 29, la kushoto 19: kisa cha mtoto mwenye glakoma na vipimo vilivyopishana

Barua ya rufaa ilikuwa fupi. Presha ya jicho la kulia 29, la kushoto 19. Jicho la kulia lifanyiwe upasuaji wa pili. Mgonjwa ni mtoto wa kike wa miaka mitano kasoro, mwenye glakoma (presha ya ndani ya jicho inayoharibu neva ya kuona) ya kuzaliwa nayo macho yote mawili, aliyekwisha kufanyiwa upasuaji akiwa na miezi saba. Ukisoma namba peke yake, barua haina ubishi: mpaka tuliofundishwa ni milimita 21 za zebaki, moja limeuvuka na jingine halijauvuka.

Nasema mapema tulichokikuta: jicho lililokuwa linaharibika ni la kushoto.

Kisa hiki nimekiunga kutokana na watoto zaidi ya mmoja tuliowaona kliniki, na umri na vipimo nimevibadili kidogo ili mtoto wa mtu asitambulike. Mambo ya kitabibu yamebaki yalivyo. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wa idara za macho, kuanzia wauguzi hadi madaktari, na kwa mzazi yeyote anayebeba kadi ya kliniki yenye namba ambazo hakuna aliyemwelezea.

Kabla hajafika kwetu

Mama yake alianza kuona shida mtoto akiwa na miezi miwili. Machozi yanatoka bila kulia, akitolewa nje anakunja uso na kuficha macho kifuani kwa mama. Majirani walikuwa wakimsifia macho makubwa mazuri. Macho makubwa kwa kichanga husifiwa sana kwetu, na glakoma hujificha humohumo. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kwa mtoto anayezaliwa huwa na upana wa milimita 9.5 hadi 10.5 hivi. Ikizidi 11 kwa kichanga, au 12 ndani ya mwaka wa kwanza, mtoto huyo apimwe presha na asirudishwe nyumbani na sifa.

Kituo cha kwanza walimpa mafuta ya tetrasaiklini. Cha pili walikuwa na tonometa, yaani kifaa cha kupimia presha ya jicho, aina ya Schiøtz, wakapima, wakapata 17, wakamwambia mama presha iko sawa. Miezi mingine ikapita.

Sina ugomvi na Schiøtz. Kifaa hiki cha mwaka 1905, cha Mnorwe Hjalmar Schiøtz, hakitumii umeme wala betri, na bado kimo kwenye makabati ya hospitali nyingi za wilaya. Kinafanya kazi kwa kubonyeza: mgonjwa analala chali, kijiti chenye uzito unaojulikana kinawekwa juu ya konea, na unasoma kimezama kiasi gani. Kadiri kinavyozama, ndivyo jedwali linavyosema presha ni ndogo. Jedwali hilo lilitengenezwa kwa ukuta wa jicho la mtu mzima. Jicho la mtoto mwenye glakoma limevutwa na kutanuka, ukuta wake ni laini, kijiti kinazama kwa urahisi hata kama ndani presha imepanda. Kwa hiyo kwa mtoto wa namna hii Schiøtz ikisema 40, amini kuna tatizo. Ikisema 17 na konea ina upana wa milimita 12.5, amini rula.

Alipofanyiwa upasuaji kwenye miezi saba, konea zote mbili zilikuwa zimepasuka tabaka la ndani, mistari ile inayoitwa ya Haab. Ya kushoto ilipona vizuri. Ya kulia ilipita katikati kabisa ikaacha kovu jeupe mbele ya mboni. Kovu hilo ndilo lililotupotosha wote baadaye.

Faili lilivyosema

Nilikaa na faili kabla sijamgusa mtoto. Akiwa na miaka miwili alipimwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, halotheni, kwa tonometa ya Perkins: kulia 14, kushoto 11. Akiwa na miaka mitatu, amelala tena, Perkins tena: kulia 18, kushoto 16. Akiwa na miaka minne, yuko macho, kwa tonometa nyingine, Tono-Pen: kulia 33, kushoto 30, na pembeni mtu ameandika "analia, ameshikwa na watu wawili". Nusu mwaka baadaye, kliniki nyingine, kwa tonometa ya aina ya Icare: kulia 29, kushoto 19. Hapo ndipo barua ilipoandikwa.

Ukizichora namba hizi kwenye grafu moja utapata mlima. Lakini grafu hiyo ingekuwa uongo, kwa sababu haichori presha. Inachora presha, na kifaa, na dawa ya usingizi, na kilio, vyote vimechanganywa.

Chukua kupanda kutoka 11 hadi 16 jicho la kushoto. Ilibidi nitafute karatasi ya mtaalamu wa usingizi nyuma ya faili ili nielewe: mara ya pili hawakutumia halotheni, walitumia ketamini. Halotheni na sevofluraini hushusha presha ya jicho, na usingizi ukizidi kuwa mzito presha inazidi kushuka. Ketamini haishushi hivyo. Pengine hata hupandisha kidogo. Kumwingiza mtoto mpira wa kupumulia kooni nako hupandisha. Kwa hiyo tofauti ya 5 kati ya mitihani hiyo miwili inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa dawa, na faili peke yake halikuwa na uwezo wa kuamua. Aliyesoma 16 aliandika "imedhibitiwa" kwa kuwa iko chini ya 21. Hiyo 21 ilitokana na watu wazima walioketi wakiwa macho. Mtoto mdogo kwa kawaida ana presha ya chini kuliko mtu mzima.

Ile 33 na 30 ya Tono-Pen iliachwa, na iliachwa kwa haki. Mtoto anapobana kope kwa nguvu na kuzuia pumzi akilia, presha inaweza kupanda kwa makumi. Tono-Pen yenyewe ni kifaa kizuri: ni kadogo, unakishika kama kalamu, ncha yake ina upana usiofika milimita mbili, kinachukua vipimo kadhaa na kukupa wastani pamoja na alama ya kuonyesha vilikubaliana kiasi gani. Kinahitaji matone ya ganzi na kifuniko cha mpira. Ila hakuna kifaa duniani kitakachopima presha ya kawaida ya mtoto aliyeshikwa na watu wawili. Kinachopimwa pale ni vita.

Siku ya kliniki

Alikuja na bibi yake, mama yuko kazini mjini. Alikuwa amejifunika upande wa kanga ya bibi kichwani, anachungulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba daktari. Nimeambiwa tumekuja kukatwa jicho."

"Hilo tutaliona, bibi. Nyumbani anaonaje?"

"Anaona. Ila siku hizi nikimpa ungo tuchambue mchele, pua inaingia kwenye mchele. Mwaka jana alikuwa anakaa wima, anaokota mawe vizuri tu."

"Na akitazama vile anatumia jicho gani?"

Bibi akamziba mtoto jicho la kulia kwa kiganja, mtoto akaendelea kuchezea kitambulisho changu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Akamziba la kushoto, mtoto akausukuma mkono. "Hilihili la kushoto. La kulia tangu zamani halimsaidii."

Nilishtuka kidogo. Mtoto mwenye glakoma ambaye mwaka mmoja anaokota mawe akiwa wima na mwaka unaofuata pua iko kwenye ungo, jicho lake huenda linarefuka. Jicho likirefuka linakuwa la kuona karibu. Na bibi alikuwa anasema habari za jicho la kushoto, lile la 19.

Tulianza na Icare, kwa sababu haihitaji matone ya ganzi na mtoto hajakukasirikia bado. Mpangilio huu una maana: ukianza na matone yanayowasha, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya mtoto anayelia. Icare imetoka Finland, na kazi yake ni rahisi kuieleza. Kijiti chepesi chenye kichwa cha plastiki kinarushwa kwenye konea kutoka umbali wa milimita 4 hadi 8, kinagonga na kurudi, na kifaa kinapima kilivyopunguza mwendo. Mpira unaodunda sakafuni unarudi tofauti na unaodunda kwenye mchanga. Presha ikiwa juu, jicho ni gumu, kijiti kinarudi haraka. Kinagonga mara sita, kifaa kinaondoa namba kubwa na ndogo kuliko zote, kinakupa wastani wa zilizobaki. Mtoto huhisi kama kope imeguswa, au hahisi kabisa.

Jicho la kushoto, ameketi mapajani kwa bibi: 19, 20, 19. Imetulia. Jicho la kulia, katikati: 30, 27, 33, na kifaa kikitoa alama ya kwamba mapigo hayakubaliani. Nikasogea pembeni kidogo ya kovu, kwenye konea safi: 18, kisha 19.

Hapo ile 29 ilianza kupoteza nguvu. Kovu ni nyama ngumu. Kijiti kikigonga nyama ngumu kinarudi haraka, na kifaa hakina namna ya kujua kama ugumu umetoka kwenye presha au kwenye kovu. Haya yanahusu Icare zaidi kwa kuwa inagonga eneo dogo sana, lakini hakuna kifaa cha kugusa konea kilichosalimika nayo. Hata bila kovu, konea nene husukuma namba juu na nyembamba huishusha. Mtu anayepima watoto waliotolewa mtoto wa jicho utotoni analijua hili: konea zao mara nyingi ni nene, na Icare huwapa namba za kutisha. Kwa watoto wenye glakoma kwa jumla, Icare mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko tonometa ya Goldmann kwa 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi.

Goldmann ndiyo kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho. Hans Goldmann wa Bern aliitengeneza miaka ya 1950: unabandika kichwa cha kioo kwenye konea hadi kibapaze duara lenye kipenyo cha milimita 3.06, na nguvu iliyotumika ndiyo presha. Hesabu yake ilichukulia konea yenye unene wa maikromita 520 hivi. Inahitaji mgonjwa aketi kwenye darubini ya mezani, kidevu mahali pake, asitikisike. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuahidiwa kwa hilo. Perkins ni Goldmann ya mkononi: kichwa kilekile, taa ya bluu, rangi ya fluoresini, nusu duara mbili unazozisogeza hadi kingo zao za ndani ziguse. Inapima aliyeketi na aliyelala. Kwa mtoto huyu tulijaribu Perkins akiwa macho, baada ya bibi kumwahidi soda. Kushoto tulipata 18. Kulia nusu duara zilikuwa zimepindapinda juu ya kovu, haziungani, na namba yoyote ambayo ningeiandika pale ningekuwa nimeibuni.

Wanaouliza kuhusu mashine ya kupima presha kwa kupuliza hewa: kwa watoto wa umri huu, mpulizo wa kwanza ndio wa mwisho.

Kwenye chumba cha upasuaji

Tulimlaza kwa nusu kaputi siku tatu baadaye, si kwa ajili ya kupasua bali kupima. Nilikubaliana na mtaalamu wa usingizi mapema: sevofluraini kwa barakoa, na mara tu mtoto akitulia, kabla ya kuingiza kitu chochote kooni, anipe nafasi. Presha inapimwa kwanza, mengine baadaye. Kifaa cha kutanua kope tulikiacha mezani wakati huo, tukafungua kope kwa vidole bila kuubonyeza mpira wa jicho.

Perkins, kushoto: 16. Tono-Pen, kushoto: 15. Kulia, Tono-Pen pembeni ya kovu: 12. Icare yetu ni ya toleo la zamani, hupima mtu aliyeketi tu kwa sababu kijiti kinahitaji kwenda mlalo. Ukimlaza mtoto haifanyi kazi. Yapo matoleo mapya yanayopima aliyelala, na yangetuwezesha kulinganisha mtoto aliye macho na aliyelala kwa kifaa kilekile.

Kumi na sita kwa mtoto aliyelala kwa sevofluraini, mwenye konea nyembamba. Unene wa konea ya kushoto ulikuwa maikromita 488. Wapo wanaopenda kuchukua unene huo na kuongeza au kupunguza namba kwa hesabu. Sifanyi hivyo kwa watoto. Hesabu hizo zilitoka kwa watu wazima na hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Unene unakuambia uelekee wapi kwenye mashaka yako, haukupi namba mpya. Hapa ulituambia kwamba presha halisi ya kushoto pengine iko juu ya tunayoisoma. Kulia, juu ya kovu, unene ulirukaruka kati ya 610 na 680.

Kisha tukaviacha vifaa vya presha. Upana wa konea haukuwa umebadilika tangu alipokuwa na miaka miwili: kulia 13, kushoto 12.5. Mtu angeweza kufarijika hapo, na angekosea. Konea hutanuka kwa presha hasa katika miaka mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo inakaza, lakini ukuta wa nyuma wa jicho unaendelea kuvutika kwa miaka kadhaa. Kwa mtoto wa miaka mitano, rula kwenye konea imeshamaliza kazi yake. Kinachotakiwa ni urefu wa jicho kwa ultrasaundi.

Kulia: milimita 24.0 akiwa na miaka miwili, sasa 24.8. Ni jicho kubwa, lakini ukuaji huo ni wa kawaida kwa miaka hiyo mitatu. Kushoto: 22.9, sasa 25.4. Jicho la kawaida la umri wake lina kama 22. Lenzi ya miwani ambayo jicho hilo lilihitaji nayo ilikuwa imetoka hasi 2.00 hadi hasi 6.50, yaani linazidi kuwa la kuona karibu. Neva ya kuona ya jicho la kushoto, shimo lake la katikati lililokuwa 0.3 ya upana wa kichwa cha neva kwenye mchoro wa zamani, sasa lilikuwa 0.6. Ya kulia niliiona kwa taabu kupitia pembeni ya kovu, na ilifanana na mchoro wake.

Vipimo hivyo vya zamani tulivipata kwa bahati ya mwandiko wa daktari mmoja aliyekuwa masomoni, aliyejaza kila kisanduku cha fomu alipompima mtoto wa miaka miwili. Kwenye mtihani wa miaka mitatu, sehemu ya urefu wa jicho ni tupu. Kama ingejazwa, tungelijua jicho la kushoto miaka miwili mapema.

Mtandao wa kimataifa wa watafiti wa glakoma ya watoto, CGRN, ulipoweka vigezo vya ugonjwa huu haukuiacha presha isimame peke yake. Unataka dalili mbili au zaidi: presha kupita 21, neva kuchimbika, mabadiliko ya konea, jicho kuwa la kuona karibu huku likikua kupita umri, au upungufu wa uwanja wa kuona. Na kuhusu presha ya mtoto aliyelazwa kwa dawa, unamwachia mpimaji aamue, kwa sababu ya usingizi huohuo niliousema. Jicho la kushoto halikuwahi kufika 21 kwenye kipimo chochote cha kuaminika, na bado lilitimiza vigezo. Jicho la kulia, mbali na alama zake za zamani, lilikuwa na namba tu.

Tulichofanya

Upasuaji wa jicho la kulia tuliufuta. Jicho la kushoto tulilianzishia matone ya timololi ya asilimia 0.25 asubuhi na jioni, baada ya kuhakikisha hana pumu, na dozolamidi. Brimonidini, dawa nyingine ya matone, hatukuigusa: kwa walio chini ya miaka miwili inaweza kuzuia pumzi, na hata huyu, mwenye kilo 16, angeweza kusinzia mchana kutwa. Bibi alifundishwa kubonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili kila baada ya tone, ili dawa isishukie kooni na kuingia mwilini. Alilishika somo haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. Miwani mipya ilipatikana, na kwa miwani hiyo jicho la kushoto linasoma 6/12, yaani linasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kwa mita 12. La kulia limebaki 6/60. Tunalizibia la kushoto saa mbili kwa siku ili la kulia lilazimike kutumika, kuona kama kuna kitakachookolewa, ingawa kwa umri huu na kovu lile sikumpa bibi ahadi kubwa.

Wiki sita baadaye, Icare, ameketi mapajani pa bibi yuleyule, asubuhi kama mara ya kwanza: kushoto 14, 13, 14. Hii naweza kuilinganisha na 19, 20, 19, kwa sababu kilichobadilika ni dawa peke yake. Sikuilinganisha na 16 ya Perkins ya usingizini, na kwenye faili nimezipiga mstari katikati ili mwenzangu asizilinganishe.

Fomu yetu sasa ina visanduku vya ziada kando ya namba ya presha: kifaa gani, ameketi au amelala, macho au usingizini na kwa dawa gani, ametulia au analia, konea imeguswa sehemu gani. Wauguzi walilalamika kwamba ni vingi, na ni kweli ni vingi. Vijiti vya Icare, vya kutumika mara moja, huisha kabla ya mwisho wa robo mwaka, na siku hizo tunaandika "haikupimwa" badala ya kunyakua kifaa kilicho karibu na kuendeleza safu ileile ya namba.

Atarudi baada ya miezi minne kwa usingizi wa sevofluraini, Perkins ileile, kabla ya kuingizwa kitu kooni. Urefu wa jicho la kushoto ukiwa umebaki 25.4 au umesogea kwa nukta ndogo, anaendelea na matone. Ukiwa umepita hapo, hata kama presha itasoma 13, tutafungua jicho hilo tena, na mama ameshasaini kwamba anaelewa kwa nini.